Shajara ya mapitio ya sheria ndogo za matumizi ya ardhi kijijini

Shajara hii inafuatilia kazi ya kurekebisha mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji chetu pamoja na sheria ndogo zinazoutekeleza. Mimi ni katibu wa kamati ya matumizi ya ardhi ya kijiji, na ninaiandika kwa ajili ya kamati za vijiji vingine vya Tanzania Bara ambazo mipango yao imemaliza muda wake au haifanani tena na hali iliyopo. Hatua ambazo afisa mipango yeyote atawaeleza nimezipita haraka. Makosa yetu nimeyaandika kwa urefu, kwa sababu ndiyo yaliyokula muda wetu na fedha za kijiji.

8 Mei 2023: Tunapoanzia

Mpango wetu wa kwanza ulipitishwa mwaka 2013 kwa kipindi cha miaka 10. Msingi wake ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007, na sheria ndogo zake zilitungwa na halmashauri ya kijiji kwa mamlaka ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982. Njia ya kurekebisha ni ileile ya kutunga: halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unajadili, halmashauri ya kijiji inapitisha, kisha kazi yote inapanda kupitia kata hadi halmashauri ya wilaya, ambako madiwani wanaidhinisha. Kabla ya idhini hiyo, tulichoandika ni pendekezo tu, hata kama kijiji kizima kimekikubali.

Kijiji cha leo si kile cha mwaka 2013. Makazi yamevuka barabara na kuingia eneo lililotengwa kwa malisho. Mapito ya mifugo yanayokwenda bwawani yamebanwa pande zote mbili na mashamba ya alizeti, hata mahali pengine ng'ombe wanapita mmoja mmoja. Kamati imepewa miezi sita kuleta rasimu. Baadaye niligundua kwamba miezi sita ni kidogo mno.

19 Juni 2023: Rasimu ya kwanza, na kwa nini tuliitupa

Tulianza kwa kuazima sheria ndogo za kijiji kingine ambazo wilaya ilikwisha kuziidhinisha, tukiamini kwamba kilichoidhinishwa mara moja kitaidhinishwa tena. Tulibadilisha jina la kijiji, tukatoa nakala 12 za kurasa 38 na kuwagawia wajumbe. Gharama ilikuwa shilingi 45,600.

Kikao cha kwanza cha kuisoma kilidumu chini ya saa moja. Kifungu cha 9 kilikataza kulima kando ya mto ambao haupo kwetu. Hilo lingeweza kufutwa kwa kalamu. Lililotutia hofu zaidi lilikuwa kwenye tafsiri ya maneno, ukurasa wa pili, palipoandikwa kwamba "mifugo" maana yake ni ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mama mmoja mjumbe aliuliza kwa upole, "Na punda?" Kijijini kwetu maji hubebwa na punda, na punda ndio wanaokanyaga kingo za chanzo cha maji kuliko mnyama mwingine yeyote. Kwa tafsiri ile, kila zuio la mifugo kwenye chanzo lingemwacha nje mnyama anayekiharibu zaidi.

Tulipoendelea tukakuta kwamba eneo la hifadhi ya chanzo cha maji limewekwa kuwa mita 30. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataja mita 60, na sheria ndogo haiwezi kutoa ulinzi mdogo kuliko ule wa sheria mama. Hatukujua rasimu ile iliidhinishwaje huko ilikotoka, na haikuwa kazi yetu kuuliza.

Tulichofanya baada ya hapo ndicho ninachowashauri wengine wakianze nacho. Tuliweka rasimu kando, tukazunguka vitongoji vyote vitano na kuandika migogoro ya ardhi iliyotokea kweli katika miaka mitatu iliyopita: nani na nani, wapi, msimu gani, na iliishaje. Tulipata migogoro 31. Kisha kila kifungu kilichopendekezwa kililazimika kuonyesha mgogoro kinaoujibu. Vifungu 14 vya rasimu ya kuazima havikujibu chochote, vikaondoka. Mambo matatu yaliyokuwa yakirudi kila mwaka hayakuwa na kifungu hata kimoja, na mojawapo lilikuwa hilo la mapito ya mifugo.

27 Julai 2023: Mpaka uliosogea mita 300

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na ninaomba lisomwe kwa makini.

Sheria ndogo za mwaka 2013 zilieleza mipaka ya malisho kwa maneno: kutoka mkuyu mkubwa hadi kichuguu chekundu, kisha kufuata korongo. Mkuyu ulianguka miaka mingi iliyopita, na vichuguu vyekundu viko vingi. Tuliamua kwamba safari hii kila kona ya mpaka itakuwa na viwianishi vyake, yaani namba zinazoonyesha mahali pake hasa ardhini, na bikoni ya zege, yaani nguzo ya alama ya mpaka. Tulisoma viwianishi vya kona 22 kutoka kwenye ramani ya zamani iliyotumika kuchora mpango wa kwanza, tukaviingiza kwenye kifaa cha GPS kilichoazimwa, tukaenda porini na kuanza kuchimba. Vijana walifanya kazi nzuri mno. Kwa siku nne walisimika bikoni 14. Saruji ilikuwa mifuko 6 kwa shilingi 17,000 kila mmoja.

Siku ya tano mzee mmoja mfugaji alitukuta kwenye bikoni ya 15. Tulimwamkia, akaitika, akasimama kwa muda akiegemea fimbo yake na kuitazama ile mistari ya alizeti iliyotuzunguka. "Katibu, mwanangu," akasema, "hapa ni shambani kwa shemeji yangu. Anapalima tangu kabla ya huo mpango wenu. Malisho yako kule chini." Alionyesha kusini, upande wa bondeni. Nilimwonyesha kifaa na namba zilizolingana kabisa na zile za ramani. Alizitazama kwa heshima, akasema tena kwamba malisho yako kule chini.

Mzee alikuwa sahihi. Tulisimamisha kazi na kumwomba mpima wa wilaya aje. Swali lake la kwanza, kabla hata hajakaa, lilikuwa kama ramani yetu iko kwenye mfumo wa Arc 1960. Tuliangalia pembeni mwa ramani, na maandishi hayo yalikuwepo muda wote, madogo, chini kulia. Ramani nyingi za zamani za nchi yetu zimechorwa kwa mfumo huo, ilhali kifaa cha GPS na simu za mkononi hutoa viwianishi kwa mfumo wa WGS 84. Namba zinafanana kwa sura, lakini namba zilezile katika mifumo hiyo miwili zinaelekeza mahali pawili tofauti ardhini. Kwa sehemu zetu tofauti ni takriban mita 300, na karibu yote ni ya kaskazini na kusini. Bikoni zetu zote 14 zilikuwa zimesogea kaskazini kwa kiasi hicho, na baadhi zilikuwa ndani ya mashamba ya watu.

Marekebisho yalichukua siku mbili. Mpima alichagua mahali patatu panapoonekana wazi kwenye ramani na ardhini pia, yaani daraja, makutano ya barabara na kona ya shule ya msingi, akapima kila mahali kwa kifaa na kulinganisha na ramani, ili tuione tofauti kwa macho yetu kabla ya kugeuza viwianishi vyote. Tuling'oa bikoni zilizokosewa. Nyingi zilitumika tena, chache zilivunjika, na tulinunua mifuko mingine 2 ya saruji. Mafuta na posho ya mpima vilikuwa shilingi 180,000, na hiyo ni fedha iliyotumika vizuri kuliko nyingine zote katika mradi huu.

Mambo mawili yaliingia kwenye rasimu kutokana na siku hizo. La kwanza, jedwali la mipaka linataja jina la mfumo wa viwianishi katika mstari wake wa kwanza. La pili, kila kona ina maelezo mawili, namba kwa ajili ya wapimaji na sentensi moja kwa ajili ya mchungaji asiye na kifaa, kwa mfano "ukingo wa juu wa korongo, hatua 20 kutoka njia panda ya bwawani". Yakipishana, jedwali linasema namba ndizo zinazotawala. Jambo hilo la mwisho lilijadiliwa sana, na bado wapo wazee ambao hawakuridhika nalo.

21 Septemba 2023: Mkutano uliokubali kila kitu

Mkutano mkuu wa kijiji ulifanyika chini ya mwembe wa ofisi. Kipaza sauti, jenereta na matangazo viligharimu shilingi 75,000. Rasimu ilisomwa, maswali yalikuwa machache, na wote waliohudhuria walinyoosha mikono kuikubali. Niliandika muhtasari usiku uleule nikiwa na furaha.

Nilipaswa kuitilia shaka furaha hiyo. Septemba ni kilele cha kiangazi. Kaya nyingi za wafugaji zilikuwa zimehamisha mifugo kufuata maji na malisho mbali na kijiji, na waliobaki nyumbani walikuwa wazee wachache na watoto. Kwenye orodha ya mahudhurio ya watu 212, nilipohesabu baadaye kwa kitongoji, kile cha wafugaji kilikuwa na watu 9. Tulikuwa tumepitisha kanuni za malisho bila wenye mifugo.

Mwenyekiti aliona kwamba mkutano uliitishwa na kutangazwa ipasavyo, kwa hiyo uamuzi wake ni halali, na kisheria huenda alikuwa na hoja. Mimi niliomba halmashauri ya kijiji isiupeleke mbele. Sheria ndogo ya malisho inategemea wafugaji waifuate siku ambazo hakuna mjumbe wala mgambo anayewaona. Ikiwa hawakuwahi kuisikia ikijadiliwa, hakuna faini itakayowafanya waiheshimu. Tulibishana vikao viwili. Waliporudi mwezi Novemba na kusikia habari, walikuja ofisini kundi zima wakiwa na malalamiko yaliyopangwa vizuri, na ubishi wetu uliishia hapo.

5 Februari 2024: Waliotangulia

Miezi ya mvua haikufaa kwa mikutano, kwa hiyo tuliitumia kupitia kifungu kilichokuwa kinanisumbua. Ramani mpya inabakiza sehemu ya malisho ya zamani iliyokwisha kujengwa nyumba 17. Rasimu iliagiza wenye nyumba hizo wahame ndani ya siku 90.

Kabla ya kwenda mbali zaidi tulimpelekea mwanasheria wa halmashauri ya wilaya kifungu hicho peke yake, jambo ambalo tulipaswa kulifanya tangu mwanzo kwa kila kifungu kizito. Alituuliza kama yupo kati yao mwenye hati ya hakimiliki ya kimila. Wapo wanne. Halmashauri hiyohiyo ya kijiji iliyotaka kuwaondoa ndiyo iliyowapa hati, kabla mtu yeyote hajalinganisha maombi yao na ramani ya mpango. Mtu hawezi kunyang'anywa ardhi yake bila fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati, na kijiji hakina fedha za fidia hata kwa nyumba moja.

Kifungu kiliandikwa upya. Matumizi yaliyokuwepo kihalali siku sheria ndogo zinapoanza yanaruhusiwa kuendelea. Nyumba inaweza kukarabatiwa. Haiwezi kuongezewa eneo wala kujengwa nyingine kando yake. Tulitembelea nyumba zote 17 na kuziorodhesha, kila moja na picha yake na vipimo vyake, na mwenye nyumba akatia saini. Bila orodha hiyo, kila nyumba itakayojengwa mwakani itadai kuwa ilikuwepo. Pia tuliweka sharti kwamba hakuna ombi la hati litakaloingia kikaoni kabla kamati yetu haijaandika liko katika eneo gani la mpango.

23 Mei 2024: Mkutano wa pili

Tulichagua mwezi Mei baada ya kuandika kalenda ya mwaka mzima ya wakulima upande mmoja wa karatasi na ya wafugaji upande wa pili. Mvua zimekwisha, majani bado yapo karibu na kijiji, mifugo iko nyumbani, na mavuno hayajapamba moto. Wiki tatu katika mwaka zinafaa kwa wote, na Septemba haimo. Tuliepuka pia siku ya mnada.

Kabla ya mkutano mkuu tulifanya mikutano mitano, mmoja kila kitongoji, kwa shilingi 20,000 kila mmoja. Kwenye kitongoji cha wafugaji upana wa mapito ndio uliozungumzwa kutwa nzima. Rasimu ilisema mita 15. Badala ya kujibu, vijana wao walituomba twende nao, wakapitisha kundi la ng'ombe kati ya kamba mbili tulizozishika kwa umbali huo. Ng'ombe wa mbele walipita sawasawa. Wa katikati walipoanza kusukumana, waliipita kamba na kuingia kwenye alizeti pande zote mbili. Tulipanua hadi mita 30, wakapita. Mkulima mwenye shamba la pembeni aliyekuwa akitazama alisema kwamba ni afadhali apoteze mistari hiyo mara moja kuliko kulinda shamba kila jioni. Kwenye mkutano mkuu alisema maneno hayohayo mbele ya wote, na kifungu kikapita.

Safari hii tulipigia kura kifungu kimoja kimoja. Ilichukua saa tano, na vifungu viwili vilikataliwa, kimojawapo kikiwa kile kilichotaka kila mwenye mbuzi zaidi ya 20 aandikishwe. Niliridhika zaidi na mkutano huu kuliko ule uliokubali kila kitu.

16 Julai 2024: Kurudishwa kutoka wilayani

Jalada limerudi na barua ya ukurasa mmoja. Sababu ni tatu, na zote ni zetu.

Faini ya kuchungia eneo la hifadhi ilivuka ukomo unaowekwa na sheria mama, na kifungu kilichofuata kiliruhusu mgambo kushikilia ng'ombe hadi faini ilipwe bila kupita kwenye chombo chochote cha kutoa haki. Vyote viwili vimepunguzwa. Pili, muhtasari wa mkutano mkuu ulisema vifungu vimepitishwa "kama vilivyorekebishwa" bila kunukuu maneno yaliyorekebishwa, hivyo mtu asiyekuwepo hawezi kujua ni mita 15 au 30 zilizokubaliwa. Mimi ndiye niliyeandika hivyo, kwa uchovu wa saa tano, na naona aibu. Tatu, hakukuwa na muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji kilichofuata mkutano mkuu. Kikao kilifanyika, ila maamuzi yake yaliandikwa kwenye daftari la mtendaji na hayakuambatishwa.

Kazi ya kusahihisha ilikuwa ya siku sita. Lakini baraza la madiwani hukutana katika vikao vya kawaida kila robo ya mwaka, na jalada lazima lipitie kamati kabla ya hapo. Siku sita hizo zimetugharimu robo nzima. Anayefuata njia hii aulize tarehe za vikao vya wilaya mwanzoni, kisha ahesabu kurudi nyuma.

7 Novemba 2024: Idhini

Baraza la madiwani limeidhinisha, siku 20 kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba. Tulikuwa tukiihofia tarehe hiyo, kwa sababu halmashauri mpya ya kijiji ingeweza kuamua kuanza upya. Jumla ya fedha zilizotoka ni shilingi 683,600, pamoja na nauli za safari tatu za wilayani. Kati ya hizo, shilingi 178,600 zililipia rasimu iliyotupwa, saruji ya ziada, mkutano wa Septemba na safari moja ya kufuata jalada lililorudishwa.

30 Januari 2025: Baada ya makabidhiano

Halmashauri mpya imekabidhiwa nakala tatu zilizopigwa mihuri, na ya nne iko kwenye mbao za matangazo za ofisi. Tumeongeza ukurasa wa mwisho wenye jedwali tupu la marekebisho: tarehe, kifungu, maneno ya zamani, maneno mapya, muhtasari unaohusika. Makubaliano ya pamoja na kijiji jirani kuhusu mapito yanayoendelea upande wao hayajasainiwa. Wao wako katika hatua tuliyokuwa nayo mwaka 2023, na tumewapa orodha yetu ya migogoro, wala hatukuwapa sheria zetu.

Mvua za mwezi huu zimeng'oa bikoni namba 17 iliyokuwa ukingoni mwa korongo. Baadhi ya wajumbe wapya walitaka isimikwe mahali pengine palipo imara na suala liishie hapo. Tumekubaliana kwamba mpaka haujahama, kwa sababu viwianishi vyake vimo kwenye jedwali, na kuvibadilisha ni kurekebisha sheria ndogo, kazi inayohitaji kurudi mkutano mkuu na wilayani. Mvua zikikatika tutasimika bikoni ya kumbukumbu mita 4 nyuma ya ukingo, ikiwa na maandishi yanayosema kona yenyewe iko umbali gani na upande gani, na mzee aliyetukuta kwenye alizeti amekubali kuwepo siku hiyo.